Mahari ya Mwalimu wa Darasa la Tatu

Mahari yangu ilijadiliwa mara ya kwanza katika mkutano wa kamati ya wazazi na walimu, Jumamosi asubuhi, ajenda ya pili, baada ya sala na kabla ya mengineyo. Nina uhakika na haya kwa sababu katibu wa kamati nilikuwa mimi, na kumbukumbu za mkutano niliziandika kwa mkono wangu mwenyewe. Sijui mwanamke mwingine aliyewahi kuandika kumbukumbu za kuposwa kwake. Kama yupo, ningependa tukutane tunywe chai.

Ilikuwa Kampala, miaka ya sabini, wakati wa utawala wa wanajeshi. Shule yetu ya msingi ilikuwa ubavuni mwa kilima cha Naguru, na watoto tuliowafundisha walikuwa wa aina mbili: watoto wa askari na polisi, wengi wao wa kutoka kaskazini, na watoto wa wafanyabiashara wa Kamwokya. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mbili, cheti kipya cha ualimu na jozi moja ya viatu. Nilikuwa nimetoka Tororo, ambako baba yangu alikuwa fundi wa reli, na katika nyumba za reli watu wa makabila yote walielewana kwa Kiswahili. Kampala nilikaa Namuwongo kwa shangazi yangu, karibu kabisa na njia ya treni.

Kutoka Namuwongo hadi Naguru nilikwenda kwa miguu. Navuka reli, napita Bugolobi, napanda Nakawa, halafu kilima. Miguu haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa kizuizi cha wanajeshi njiani, ambacho leo kipo hapa na kesho kipo pale, na kila mara walitaka kujua nimebeba nini. Siku moja walikuta chaki mfukoni mwangu, wakajadiliana kwa nusu saa kama ni chaki kweli. Nilipofika shuleni, mkaguzi wa elimu alikuwa amesimama mlangoni mwa darasa langu akiangalia saa. Wiki mbili baadaye akanikuta tena nimechelewa. Nikapewa barua ya onyo: nikichelewa mara ya tatu, nitahamishiwa shule ya mbali ambayo hata mkaguzi mwenyewe hajawahi kuikagua.

Na nyuma ya darasa langu, hatua ishirini tu, palikuwa na nyumba ya mwalimu. Vyumba viwili, jiko na kibaraza. Alikuwa akiishi humo mwalimu wa hesabu, Mhindi, mpaka alipofukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake. Tangu aondoke, ufunguo ulikuwa kwa sajini mmoja wa jeshi, mzazi wa watoto watatu shuleni kwetu. Ulifikaje kwake, hakuna aliyeuliza. Siku zile ufunguo wa nyumba tupu ulikuwa na tabia ya kuhamia mfukoni mwa mtu mwenye sare. Ndani aliweka magunia ya mkaa na pikipiki mbovu.

Kamati yetu haikuwa na madaraka makubwa. Iliamua rangi ya choo, ikaamua nani apike uji, na mara moja ilibishana miezi mitatu kuhusu kengele. Lakini nyumba ya mwalimu ilikuwa chini yake, hilo liliandikwa katika kanuni. Kwa hiyo mwalimu mkuu akaniahidi kwamba kamati itaniombea nyumba. Kilichobaki ni mtu wa kumwambia sajini.

Mwalimu mkuu wetu alikuwa Muganda, mpole, mwenye Kiingereza cha kupendeza na Kiganda cha kupendeza zaidi. Kiswahili alikiogopa. Kwake kilikuwa lugha ya kusimamishwa barabarani. Lakini wazazi askari hawakujua Kiganda, na wengine hawakusoma Kiingereza, kwa hiyo matangazo ya kamati yaliandikwa kwa Kiswahili, na kila tangazo lilimtoa jasho.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Hajji, mwenye duka Kamwokya. Babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, na ingawa Hajji mwenyewe hakuwahi kufika huko, alikisimamia Kiswahili sanifu cha Kampala yote peke yake. Alimsahihisha kila mtu isipokuwa mwenye bunduki.

Katika mkutano wa mwanzo wa mwaka, mwalimu mkuu alikuwa amesimama akasema, "Habali zenu, wazazi."

"Habari," Hajji akamkatiza mbele ya watu wote. "Ha-ba-ri. Tetemesha ulimi, mwalimu mkuu. Hatuko sokoni."

Wazazi wakacheka. Mwalimu mkuu naye akacheka, lakini niliona masikio yake yakiwaka kwa aibu. Tangu siku hiyo, kila alipoitilia shaka herufi, akaweka r. Kwenye ubao wa jikoni akaandika "chakura cha mchana", na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Ikaja siku ya kuandika tangazo la mkutano. Kwanza aliandika, "Nyumba ya mwalimu iliyo mikononi mwa sajini." Akaichana karatasi ile vipande vidogo sana. Akaandika, "Nyumba ya mwalimu." Akaichana pia, maana sajini si mjinga, angejua ni nyumba gani. Mwishowe akapata neno lisilo na nyumba, wala ufunguo, wala sajini ndani yake. Mahali. Kamati itajadili mahali pa mwalimu wa kike. Neno pole, halimgusi mtu. Halafu akakumbuka habari na habali, akakumbuka kicheko cha wazazi, na akaweka r.

Kwa kawaida matangazo yote niliyasoma mimi kabla hayajapigwa chapa. Siku hiyo wanajeshi walikuwa Bugolobi wakipekua kila mfuko, na nilipofika ofisini ilikuwa adhuhuri; kwa bahati mkaguzi hakuwapo, lakini mashine ilikuwa imeshazungushwa, nakala zimegawiwa, na zilizobaki zimeanikwa juu ya meza. Stensili iliyotumika kupigia chapa ilikuwa ya mwisho katika shule nzima; nyingine haikupatikana hata kwa magendo. Tangazo lilisema hivi:

MKUTANO WA KAMATI NA WAZAZI WOTE. 1. Sala. 2. Mahari ya mwalimu mwanamke wa Darasa la Tatu. 3. Mengineyo. Mzazi mwenye uwezo aje tayari.

Nikasoma mara mbili. Mwanamke wa Darasa la Tatu alikuwa mmoja tu.

"Mwalimu mkuu," nikasema, "hapa umeniposea."

Nikamweleza. Akaishika karatasi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Nje, watoto walikuwa wanakimbia kwenda nyumbani, kila mmoja na nakala yake mkononi.

"R moja tu," akasema kwa sauti ndogo. "Nani atasoma r moja?"

Hata sarufi haikutuokoa. Angeandika "pa mwalimu", mtu mwenye akili angejiuliza. Lakini mwalimu mkuu alitumia "ya" kwa kila kitu duniani, na mahari kweli ni ya.

Mikutano yetu ilikuwa haijawahi kutimiza akidi. Siku zote tulikuwa watu saba na mbwa wa mlinzi. Jumamosi ile wazazi walijaa darasa la saba, wakakaa wawiliwawili kwenye viti vya watoto, wengine wakasimama madirishani. Akina mama wa Kamwokya walikuja wamevaa magauni yao ya gomesi ya harusi. Sijawahi kuona wazazi wakijali elimu kiasi kile.

Sajini alifika saa tatu kamili. Hakuvaa sare. Alivaa suti ya kahawia iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na nyuma yake alikuja mjomba wake mwenye koti zito, na nyuma ya mjomba walikuja mbuzi watatu. Mbuzi wakafungwa kwenye mlingoti wa bendera. Mmoja wao akaufikia ubao wa matangazo, na kwa kuwa matangazo yetu yalibandikwa kwa uji wa muhogo, akalila tangazo lote kuanzia sala hadi mengineyo. Nilimshukuru, ingawa alikuwa amechelewa.

Nilikaa mezani kando ya Hajji, daftari la kamati wazi mbele yangu. Nilijua, kama kila mtu alivyojua, wasichana waliotazamwa na mwanajeshi wakaambiwa wapande gari. Nilijiambia mwalimu mkuu ataeleza mara moja kwamba ni kosa la herufi, sote tucheke, tuombe ufunguo, tuondoke.

Mwalimu mkuu akasimama. "Sasa tuingie ajenda ya piri," akasema. "Mahari. Kamati inaona huyu mwarimu anateseka. Anatoka mbari."

Sajini akasimama, mikono ubavuni. "Mimi niko tayari."

Uso wa mwalimu mkuu ukafunguka. Maskini, alikuwa hakulala kwa ajili ya ufunguo ule. "Afande, asante sana! Sisi turiogopa kukuuriza."

"Kuogopa nini? Barua ilifika kwangu. Mimi nilisoma, nikasema, kumbe hii shule iko na heshima. Haifichi mambo."

"Kwa hiyo unakubari?"

"Nakubali. Na leo nimekuja na mbuzi tatu."

Mwalimu mkuu akatazama dirishani. Alikuwa mtu wa kushukuru, hakutaka kuonekana anachagua. "Mbuzi nao watakaa na mwarimu?"

"Hapana. Mbuzi ni ya wazazi wake."

"Wazazi wake nao wanahamia?"

Hajji alikuwa amevaa miwani na kuisoma nakala yake kwa mara ya kwanza, kwa sababu Hajji aliamini mwenyekiti hana haja ya kusoma anachojua. Nikaona kofia yake ikirudi nyuma taratibu. Akamvuta mwalimu mkuu koti.

"Umeandika mahari," akanong'ona.

"Ndiyo. Na r, kama urivyonifundisha."

"Mimi nilikufundisha habari!"

Mwalimu mkuu akaketi. Aliketi kama mzigo uliokatwa kamba. Nikamwangalia Hajji, bingwa wa kusahihisha, nikangoja amsahihishe sajini. Hajji akawa anasafisha miwani.

Na hapo niwe mkweli, nisiwalaumu kupita kiasi. Kumwambia sajini kwamba ni kosa ni kumwambia mbele ya wazazi wote kwamba amepiga pasi suti, amemtoa mjomba wake kijijini na kununua mbuzi kwa sababu ya herufi. Mtu mwenye sare akichekwa, nani analipa? Watu walipotea kwa makosa madogo kuliko hilo. Basi wanaume wale wawili wakainamia nakala zao, na mimi, kwa kuwa mkono ulikuwa umezoea, nikaandika: "Mzazi mmoja amejitokeza."

Aliyesema kwanza alikuwa mama mmoja muuza nyanya wa Kamwokya. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa mtu ambaye hawezi kusikia bei bila kuijibu.

"Bannange, jamani, mbuzi watatu?" akasema. "Mwalimu mwenye cheti? Ssebo, bwana, ongeza."

"Mama, tatu ni ya kuanza tu," mjomba akasema.

"Kuanza? Huyu anajua mpaka desimali!"

"Aongeze sukari!" mtu akapiga kelele dirishani, na darasa zima likaguna kwa uchungu, maana wengi wetu tulikuwa hatujaiona sukari kwa miezi. Wakaanza kubishana kama sukari ihesabiwe kabla ya mbuzi au baada.

Nikanyoosha mkono. "Mwenyekiti, naomba kusema."

"Katibu hasemi," Hajji akajibu bila kunitazama. "Katibu anaandika."

Nilitamani kumpiga kichwani na daftari la kamati, na nasema wazi kwamba hamu hiyo haijaniisha mpaka leo. Lakini Hajji alikuwa anafikiri. Mababu zake walifanya biashara na kila aina ya mfalme, wakarudi na vichwa vyao, na kipaji hicho hakikupotea chote. Akasimama, akainyoosha kanzu.

"Afande," akasema, "kamati imefurahi sana. Lakini kuna utaratibu. Binti huposwa kwao, ana mlango, mtu anabisha hodi. Huyu binti yetu hana mahali. Utabisha wapi? Kabla ya mahari, lazima kuwe na mahali."

Alitamka herufi zile mbili kwa namna ambayo hata mbuzi wangezitofautisha. Sajini akafikiri. Mjomba akatikisa kichwa kukubali, maana ni kweli, hodi inahitaji mlango. Kisha sajini akatia mkono mfukoni mwa suti, akatoa ufunguo na kuuweka mezani, mbele yangu.

"Ile nyumba ya nyuma iko," akasema. "Mkaa nitatoa leo."

Na mambo mengine yakaahirishwa hadi mkutano wa mwezi ujao. Nikaandika: "Mahali: imepatikana. Mahari: imeahirishwa." Mbuzi wakabaki shuleni, chini ya uangalizi wa kamati.

Nilihamia Jumatatu. Nikasugua mkaa siku tatu. Kwenye ukuta wa jikoni yule mwalimu wa hesabu alikuwa amewaandikia wanawe jedwali la kuzidisha, kwa penseli, mwandiko mdogo mzuri. Nililiacha. Asubuhi nilinywa chai bila haraka, nikatembea hatua ishirini, nikaingia darasani. Mkaguzi alikuja mapema sana siku moja akanikuta nimeshaita majina, na akaondoka amenuna. Nilikuwa na furaha, na kila nilipogeuza ufunguo mlangoni furaha ile ilinichoma, kwa sababu nilijua imenunuliwa kwa bei gani.

Shangazi alinishauri nikimbilie Kenya. Nilimwuliza nikimbilie kwa nani, akasema hilo hajalifikiria bado. Hajji na mwalimu mkuu walikuja na shauri lao, wakakaa jikoni kwangu wakila karanga.

"Wanajeshi huhamishwa," Hajji akasema. "Sisi tutaahirisha. Mwezi ujao tutaahirisha, na mwezi utakaofuata. Kamati hii inajua kuahirisha, binti yangu."

"Na katika kumbukumbu andika kwa penseri," mwalimu mkuu akaongeza.

Nikawaambia walichofanya. Nikawaambia wameogopa kuomba ufunguo, wakaniweka mimi mezani badala ya maneno mawili ya kiume. Nilisema mengi, mengine hayafai kuandikwa na mwalimu. Mwalimu mkuu aliokota maganda ya karanga moja moja sakafuni.

Na kila Jumamosi alasiri sajini alikuja kuwaangalia mbuzi wake. Hakuingia ndani hata mara moja. Alikaa kibarazani juu ya kasha, mgongo wima, akaongea kidogo sana. Jumamosi ya kwanza sikusikia alichosema kwa hofu. Jumamosi ya pili nikasikia: mke wake alikufa wakati wa kujifungua, mbali, kaskazini, yeye akiwa kazini. Watoto aliwalea mwenyewe katika chumba kimoja cha kambi. Jumamosi ya tatu akaniambia kwa nini aliiamini barua.

"Wewe ulishona kifungo," akasema.

Nilikuwa nimesahau. Binti yake alikuwa darasani kwangu, na vifungo vya sare yake vilishonwa kwa uzi mnene wa kijani wa kushonea viatu. Kimoja kilikatika, nikakishona kwa uzi mweupe. Ni kazi ya dakika mbili, huwafanyia watoto wote.

"Mtoto alionyesha mimi," akasema. "Nikaangalia ile kifungo siku mingi. Halafu barua ikakuja."

Sikumpenda. Niliseme hilo moja kwa moja, asije mtu akasubiri harusi. Lakini nilikuwa nimeacha kumwogopa, na badala yake nilimwonea huruma, nayo huruma ile ilinikera kwa sababu sikuialika. Kumwogopa kulikuwa rahisi zaidi. Mtu unayemwogopa unaweza kumdanganya mwaka mzima ukalala usingizi.

Kumwambia usoni nilishindwa. Mara mbili nilifungua mdomo, mara mbili nikasema mbuzi wamenenepa. Mwishowe nikafanya kama mwalimu afanyavyo akikosa ushujaa: nikatoa zoezi la nyumbani. Nikaandika ubaoni maneno manne, kalamu na karamu, mahali na mahari, nikaeleza maana zake, nikawaambia watoto watunge sentensi, kisha mzazi asome na kutia sahihi. Daftari la binti wa sajini lilirudi siku iliyofuata. Chini ya sentensi palikuwa na sahihi yake, imekandamizwa mpaka ikatokea ukurasa wa pili. Zaidi ya hapo, hakuna neno. Jumamosi iliyofuata hakuja kuwaangalia mbuzi.

Ukafika mkutano. Wazazi walijaa kuliko mara ya kwanza. Habari za sukari zilikuwa zimefika mbali. Sajini alikaa kiti cha mbele, safari hii na sare, na kofia juu ya magoti. Mbuzi watatu walikuwa wamekuwa wanne, maana mmoja alizaa wiki ile. Nikaitwa nisome kumbukumbu za mkutano uliopita ili zithibitishwe. Hajji akanikanyaga mguu chini ya meza, yaani soma haraka, usisimame.

Nilisoma sala. Nilisoma akidi. Nilipofika ajenda ya pili, nikaacha kusoma. Nikautoa ufunguo mfukoni nikauweka juu ya meza, pale pale alipouweka yeye.

"Mwenyekiti, kumbukumbu hizi si sahihi," nikasema. "Tangazo lilikuwa na kosa. Kamati haikukusudia kujadili mahari yangu. Ilitaka kuniombea mahali pa kukaa, na hatukusema, kwa sababu tuliogopa. Nyumba ilitolewa kwa kosa la herufi. Ufunguo ni huu."

Hakuna aliyecheka. Hata muuza nyanya hakuwa na bei. Mwalimu mkuu alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza, nadhani alikuwa akisali kwa Kiganda.

Sajini akasimama. Akautazama ufunguo, halafu akamtazama Hajji.

"Mwenyekiti," akasema, "mzazi anaweza kusahihisha kumbukumbu?"

"Anaweza, afande," Hajji akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ni haki ya kila mzazi."

"Basi mimi naomba kusahihisha. Pale iko r, katibu aweke l. Ile ajenda ilikuwa mahali. Na mahali ilipatikana. Mimi nilikuwa hapa, niliona." Akausukuma ufunguo mpaka ukagusa daftari langu. "Mtoto wangu alinifundisha."

"Naunga mkono!" mwalimu mkuu akaruka juu, machozi yakimtoka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakukosea hata herufi.

"Na 'ya' iwe 'pa'," Hajji akasema. Hakuweza kujizuia. Nadhani angesema hivyo hata mbele ya kikosi cha kufyatua risasi.

Wakanyoosha mikono wote. Nikafuta r kwa wembe, kama tulivyofanya siku zile, nikaandika l juu ya tundu.

Mkutano ulipokwisha nilimkuta sajini kwenye mlingoti, anafungua kamba za mbuzi. Yule mdogo na mama yake hawakutaka kufuata, walikuwa wameshazoea kibaraza changu, na sajini akaniambia niwaache hapo, watanipa maziwa. Nilitaka kuomba radhi. Niliyatafuta maneno, mimi niliyekuwa na Kiswahili cha kuwatosha watu wawili, nikakosa.

Alizifunga kamba mbili pamoja, akavaa kofia yake, akainyoosha.

"Mwalimu," akasema, "hata mimi nilikuwa natafuta mahali."

Akateremka kilima na mbuzi wake. Hilo sikuliandika katika kumbukumbu.